Mwezi Uani

Katika nyumba za askari ipo saa moja ya usiku isiyokuwa na kazi maalumu. Vyombo vimekwisha oshwa, watoto wadogo wamelala, wakubwa wamefunga madaftari, na baba, au mama ikiwa ndiye mwenye kuvaa sare, yuko lindoni au yuko safarini mbali na nyumbani. Aghalabu saa hiyo huliwa na redio na simu. Ukurasa huu leo unaieleza kazi nyingine inayoweza kuijaza, kazi isiyohitaji chuo wala kipaji cha ajabu, nayo ni kuupiga picha mwezi kwa darubini ndogo iliyosimamishwa uani.

Huenda msomaji akadhani kwamba jambo hilo ni la mabingwa wenye majengo ya kuba na mitambo ya thamani kubwa. Historia yasema vinginevyo. Nyingi katika picha njema za mwanzo za mwezi zilipigwa na watu wa nyumbani, katika bustani zao na juu ya mapaa yao, baada ya shughuli za mchana. Mwaka 1840 John William Draper, mwalimu wa kemia katika Chuo Kikuu cha New York huko Marekani, aliunasa mwezi juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha. Bamba hilo liliachwa kupokea nuru kwa muda wa dakika 20 hivi. Kilichopatikana kilikuwa alama ndogo tu, lakini ndani yake mtu aliweza kutofautisha mahali penye mwanga na penye madoa.

Mwanawe Henry, aliyezaliwa mwaka 1837, ndiye anayestahili zaidi kujulikana na wasomaji wa gazeti hili. Alikuwa daktari, na mwaka 1862 alivaa sare akawa mpasuaji wa kikosi cha 12 cha New York katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Afya yake haikustahimili maisha ya vitani, naye baada ya miezi michache akaruhusiwa kurudi nyumbani. Mwaka uliofuata, akiwa katika shamba la familia yake huko Hastings-on-Hudson, alipiga picha za mwezi zipatazo 1,500.

Darubini aliyoitumia aliiunda kwa mikono yake mwenyewe. Kioo chake cha kwanza kilikuwa cha madini, mchanganyiko wa shaba na bati, kizito na chenye kuchosha kukisugua. Kazi ya miezi mingi ilipotea katika usiku mmoja wa baridi kali: maji yaliganda, na kioo kikapasuka vipande viwili. Baba yake alikuwa Uingereza wakati huo, akamsimulia msiba huo mtaalamu mkongwe wa nyota, Sir John Herschel. Mzee huyo akashauri kijana aachane na madini, atumie kioo cha kawaida kilichopakwa utando mwembamba wa fedha. Henry alianza upya. Kabla hajaridhika, alikuwa amekwisha sugua na kung'arisha vioo zaidi ya 100, vikubwa na vidogo, na kile alichokichagua kilikuwa na upana wa inchi 15 na nusu. Mwaka 1864 aliandika kitabu kueleza kila hatua ya kazi hiyo, pamoja na makosa yake yote, na kitabu hicho kiliwaongoza wengi waliojaribu baada yake.

Lilibaki tatizo la mwendo. Kwa sababu dunia huzunguka, mwezi huonekana kusogea angani kwa kadiri ya upana wake mwenyewe katika kila dakika mbili. Bamba la picha likikaa pale pale, mwezi hutoka umevutika kama uso wa mtu aliyegeuka wakati kamera inafyatuliwa. Henry hakuwa na mtambo wa kuizungusha darubini nzima kwa ulaini aliouhitaji. Akaiacha darubini itulie, akalifanya bamba peke yake liteleze polepole likiufuata mwezi, na kilicholiendesha kilikuwa saa ya maji: chombo kinachovuja kwa kipimo. Mama yeyote aliyewahi kutega ndoo chini ya bomba lenye matone angeielewa fikra hiyo mara moja.

Mwaka 1867 Henry alimwoa Anna Palmer, na tangu hapo kazi ya usiku ikawa ya watu wawili. Mabamba ya vioo ya siku hizo yalipakwa dawa papo hapo na kutumiwa yangali mabichi, yakikauka yameharibika. Anna alikuwa akiyatayarisha mabamba hayo na kusaidia katika kuyasafisha, na mtu aliyeshika dawa hiyo ya fedha hutoka na vidole vyeusi ambavyo sabuni haivitakasi kwa siku kadhaa. Henry alipofariki mwaka 1882, akiwa na umri wa miaka 45 tu, mjane hakuifunga kazi kabatini. Alitoa fedha zake kwa kituo cha nyota cha Chuo Kikuu cha Harvard ili kazi iendelezwe, na humo wanawake kama Annie Jump Cannon walizipanga nyota kwa aina zake. Orodha waliyoitoa kati ya miaka 1918 na 1924 ina nyota 225,300, nayo inaitwa kwa jina la Henry Draper. Kwa haki ingeitwa kwa majina mawili.

Mwingine ni Warren De la Rue wa London. Huyu alikuwa mtu wa karatasi na uchapaji. Kampuni ya baba yake, De La Rue, ndiyo iliyokuja kuchapa noti za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki ambazo wazee waliozipokea kama mshahara wangali wanazikumbuka. Mwaka 1851 aliona katika maonyesho makubwa ya London picha ya mwezi iliyopigwa Marekani, akarudi nyumbani hana raha. Mwaka uliofuata alikuwa bustanini kwake, eneo la Canonbury, akiufuata mwezi kwa kulisogeza bamba kwa mkono. Baadaye akagundua jambo la werevu. Mwezi hutuonyesha upande ule ule daima, lakini huyumba kidogo kama mtu anayetikisa kichwa kukataa. De la Rue alichukua picha mbili zilizopigwa nyakati tofauti za kuyumba huko, akaziweka katika kifaa cha kutazamia kwa macho mawili, na mwezi ukaonekana mviringo kama chungwa. Jambo hilo la macho mawili litarudi baadaye.

Sasa kwa familia ya leo. Mahitaji ni darubini ndogo yenye lenzi au kioo cha upana wa milimita 70 hadi 130, miguu mitatu imara, na simu ya mkononi yenye kamera. Anayetaka kununua ajihadhari na maandishi ya kwenye boksi yanayojivuna kwamba darubini hukuza mara 500. Darubini njema hukuza kwa manufaa mara mbili hivi kwa kila milimita ya upana wake. Ya milimita 60, basi, ikomee mara 120. Zaidi ya hapo ni ukungu uliokuzwa. Ikiwa fedha hazitoshi kwa vyote viwili, afadhali darubini ndogo yenye miguu imara kuliko kubwa inayotetemeka kama kuku aliyenyeshewa. Familia mbili au tatu za laini moja zinaweza pia kuchanga, na ndivyo inavyofaa zaidi, kwa kuwa hakuna anayeitumia kila usiku.

Jambo linalofuata haliandikwi katika vitabu vya Ulaya, lakini kwa wakaao kambini ni la kwanza. Bomba refu juu ya miguu mitatu, likielekezwa juu gizani, na watu wawili wameinama kando yake, kwa macho ya mlinzi wa usiku halifanani na darubini. Linafanana na kombora dogo. Tena mahali pengi kambini kupiga picha ni marufuku. Kwa hiyo mwenye nyumba na apeleke taarifa kwa ofisa wa zamu kabla ya siku yenyewe, aeleze ni kitu gani, kitasimama wapi na kwa saa ngapi, na ikiwezekana amwalike mlinzi mwenyewe aweke jicho. Akikatazwa, atii, aende uwanja wa shule au kwa ndugu mjini. Mwezi hauna haraka. Utarudi baada ya siku 29 na nusu.

Usiku wa kuchagua si ule wa mwezi mpevu, ingawa ndio unaowavutia wengi. Siku hiyo jua huupiga mwezi kwa mbele, vivuli hupotea, na picha hutoka bapa kama sahani ya bati. Askari aliyefundishwa kufuata nyayo anaijua sababu: alama ya kiatu huonekana vema asubuhi na jioni wakati nuru inapotambaa kwa ubavu, na saa sita mchana hufifia. Hali kadhalika mwezini. Usiku mzuri ni kuanzia siku ya nne hadi ya kumi baada ya mwezi kuandama, na mahali pazuri pa kutazama ni kwenye mpaka baina ya nuru na giza, ambako kila ukingo wa shimo hutupa kivuli kirefu. Siku ya tisa au ya kumi hujitokeza shimo liitwalo Copernicus, lenye upana wa kilomita 93. Kampala ingewekwa ukingoni upande mmoja, na Jinja ingepata nafasi ndani ya ukingo wa pili.

Watoto wataona pia kitu cha kuuliza. Vitabu vingi vya picha huchora mwezi mchanga umesimama wima kama mundu. Hapa karibu na Ikweta hulala chali kama mtumbwi, pembe zikielekea juu. Mtoto aliyechora mtumbwi darasani na kuambiwa amekosea hakukosea. Amechora alichokiona kwao.

Mwezi wa siku ya saba huwa karibu na utosi wakati jua linapotua, na kuielekeza darubini juu kabisa ni kuumiza shingo bure. Ifikapo saa tatu usiku huwa umeshuka hadi katikati ya mbingu upande wa magharibi, na hapo ndipo pa kuanza. Darubini itolewe nje nusu saa mapema ili ipoe, kwa sababu joto la chumbani lililobaki ndani ya bomba huutikisa mwezi. Isielekezwe juu ya paa la bati wala isisimamishwe juu ya saruji iliyochomwa na jua mchana kutwa. Bati na saruji huendelea kupumua joto hadi usiku, na mwezi ukitazamwa juu yake huchezacheza kama kitu kilichoonwa nyuma ya moshi wa jiko. Majani mafupi ndiyo mahali bora. Umande ukitua juu ya lenzi, usifutwe kwa ncha ya kanga wala kwa kitambaa cha sare, kwani vumbi lililomo hukwaruza kioo milele. Iachwe ikauke yenyewe.

Kuhusu kupiga picha yenyewe, kwanza mwezi utafutwe kwa jicho, kwa lenzi ya jicho yenye kukuza kidogo, na usafishwe hadi kingo ziwe kali. Kisha simu iletwe polepole mbele ya lenzi hiyo, kwa umbali wa sentimita moja au mbili, mpaka duara la nuru lijae. Kuishika kwa mkono kunawezekana lakini kunachosha. Vipo vishikio vinavyouzwa, na fundi seremala anaweza kutengeneza kimoja kwa kipande cha ubao na ukanda wa mpira.

Kosa la karibu kila mwanzo ni mwezi kutoka mweupe mtupu kama taa ya gari. Kamera huona giza kubwa lililouzunguka, hudhani ni usiku, hufungua nuru kupita kiasi. Kumbe mwezi ni jiwe lililo juani. Kwa kamera hapo ni mchana. Basi kidole kiguse mwezi katika kioo cha simu, kisha mwanga upunguzwe hadi madoa na mashimo yaonekane. Kingine ni kufyatua kwa kidole, maana mguso huo tu hutosha kuitikisa darubini. Itumike saa ya simu ya kuchelewesha kwa sekunde tatu, kila mtu akiwa ameondoa mikono na watoto wamekatazwa kurukaruka.

Picha moja haitoshi. Hewa iliyo juu ya vichwa haitulii, na katika picha 50 huenda tatu tu zikawa zimepigwa katika nukta ya utulivu. Hizo tatu zihifadhiwe, nyingine zifutwe bila huruma. Aliye na kompyuta anaweza kuchukua filamu fupi badala ya picha, na programu zinazopatikana bila malipo zitachagua vipande vilivyotulia na kuvirundika kuwa picha moja safi. Hapa ionywe kwamba simu nyingine hutambua mwezi zenyewe na kuongeza kwa siri mistari ambayo kamera haikuiona. Picha ya namna hiyo ni kama mtoto aliyenakili hesabu ya jirani: majibu ni sahihi, lakini si yake.

Yapo maonyo mawili ambayo hayafai kupuuzwa. Darubini isielekezwe kamwe kwenye jua, hata kwa sekunde moja, hata kwa mzaha. Jicho huungua ndani na haliponi. Mchana ifungiwe ndani, mbali na watoto. La pili lawahusu wenye ndugu walio kazini nje ya nchi. Askari wa Uganda walipelekwa Somalia kwa mara ya kwanza mwaka 2007, na tangu wakati huo familia nyingi zimezoea kutumiana picha. Picha ya mwezi haina jengo, haina gari, haina uso wa mtu, na mtu hudhani haiwezi kumdhuru yeyote. Lakini simu huweza kuandika ndani ya kila picha saa na mahali ilipopigwa, na adui anayejua kusoma hayo hahitaji kuuona mwezi. Kabla ya kutumiana, sehemu ya simu inayotunza mahali izimwe pande zote mbili.

Ikiwa hayo yametimizwa, na kanuni za kikosi zikiruhusu, kuna jaribio moja ambalo familia iliyotengana inaweza kulifanya, na iliyo pamoja haiwezi. Hapa ndipo yanaporudi macho mawili ya De la Rue. Kampala na Mogadishu hutumia saa moja, na kati yake kuna umbali wa kilomita zipatazo 1,400. Ichaguliwe jioni ambayo mwezi uko juu sana na umepita karibu na sayari yenye kung'aa au nyota kubwa. Wakubaliane dakika. Nyumbani, mama na watoto wapige picha yenye mwezi na nyota hiyo pamoja. Mogadishu, askari hahitaji kamera. Atazame kwa macho au kwa darubini ya macho mawili, achore katika karatasi mahali nyota ilipo, na akadirie kwa uangalifu ni upana wa mwezi mara ngapi kutoka ukingo wa mwezi hadi kwenye nyota. Dakika izingatiwe kama amri ya gwaride, maana mwezi husogea baina ya nyota kwa upana wake wote katika muda wa saa moja hivi, na kuchelewa dakika sita ni kuharibu sehemu moja ya kumi.

Picha na mchoro havitalingana. Nyota iko mbali mno, haibadiliki. Mwezi uko karibu, na mtu wa Mogadishu huuona umesogea kidogo kuelekea magharibi kuliko anavyouona mtu wa Kampala. Tofauti hiyo, mwezi ukiwa juu karibu na utosi, hufikia kama sehemu nne katika kumi za upana wa mwezi. Mtoto wa darasa la saba na achukue rula, apime, kisha agawanye umbali wa miji kwa tofauti hiyo: 1,400 kwa 0.4 ni 3,500. Hizo ni kilomita za upana wa mwezi, zilizopatikana kwa karatasi, rula na wazazi wawili walio mbalimbali.

Upana wa kweli ni kilomita 3,474. Zile 26 zilizozidi, mtoto amwekee baba azieleze atakaporudi.